Ndoa Aliyoifunga Babu

Mimba yangu ilikuwa imeingia mwezi wa nane nilipoambiwa, kwa upole kabisa, kwamba serikalini mie si mke wa mtu.

Aliyeniambia ni kaatib wa serikali, yule anayeandika mikataba ya watu: uwakala, mauzo ya nyumba, ndoa. Tulikwenda kwake mie na mume wangu kwa sababu nesi wa kliniki ya Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati, alitaka kopi ya cheti cha ndoa kabla sijajifungua. Sisi tulikuwa na karatasi moja tu, ile aliyotuandikia babu, ndugu yake babu yangu mzaa baba, siku alipotuozesha sebuleni kwetu. Nesi aliikataa, akasema haina muhuri wa serikali, tukautafute. Tukapita mtaa wa Hamriya kuitoa kopi, mie sina hata wasiwasi, nadhani ni mambo ya muhuri tu.

Kaatib akaigeuza karatasi nyuma, akaigeuza mbele. Akauliza kwa Kiarabu kama aliyetuozesha alikuwa na ruhusa.

"Ameozesha ukoo mzima," mume wangu akasema.

"Sikuuliza hilo."

Akatafuta kwenye kompyuta. Kumbe babu alikuwa nayo kweli, zamani. Ilikwisha muda kabla ya harusi yetu, naye hakwenda kuifanya upya.

Msinicheke. Babu ndiye aliyewaozesha baba na mama kule Unguja, akaja akawaozesha dada zangu hapa Maskati. Nani angethubutu kumwambia mzee yule, kanzu imenyooka na ananukia udi, hebu tuoneshe ruhusa yako kwanza? Baba angezimia kwa aibu. Nahisi babu mwenyewe aliona haya kusema kwamba fomu za serikali hana tena, akachukua karatasi ya kawaida akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri. Sasa keshafariki, na kumsema maiti si adabu. Lakini siku ile, Mungu anisamehe, nilimsema moyoni mpaka nikachoka.

Nikamuuliza kaatib, je, yeye hawezi kutufungisha ndoa pale pale?

"Naweza, sheria inaniruhusu. Mlete baba yako na mashahidi wawili, nusu saa nyingi."

Nikashusha pumzi. Kisha akalitazama tumbo langu, akarudisha macho mezani. "Lakini nitaandika tarehe ya leo. Ya nyuma siwezi. Mkitaka ya nyuma, nendeni kwa kadhi aithibitishe ndoa ya kwanza, mbele ya mashahidi wale wale walioishuhudia."

Tarehe ya leo. Yaani mtoto wangu angezaliwa mwezi mmoja baada ya ndoa ya wazazi wake. Makaratasini angekuwa mtoto wa nani? Jina la baba yake angelipata kwa njia gani? Na watu wenyewe hawana dogo. Nikaikunjakunja ile karatasi ya babu mpaka mume wangu akaichukua nisije nikaichana.

Tukaandikiwa siku kwa kadhi. Nilizipitisha siku zile roho mkononi. Chakula kilinishinda, na mtoto akicheza tumboni namuomba asitoke kwanza, asubiri. Baba alinambia, "Mwanangu, kwa Mungu umeolewa. Mahari yalitolewa, mie nilikuwepo, mashahidi walikuwepo." Nikamuuliza, na kwa kadhi? Akainama kufunga viatu.

Mashahidi walikuwa shemeji yangu na mjomba. Shemeji hakuwa na shida. Aliyenitia hofu ni mjomba, mtu ambaye ukimuuliza hali anafikiri kwanza asije akakudanganya. Tukamfuata kwake, kijijini Yiti. Akatupa kahawa na tende, akatusikiliza mpaka mwisho.

"Nitakuja," akasema. "Nitasema nilichokiona na nilichokisikia. Nisichokisikia sikisemi."

Hapo nikakumbuka. Kwetu siku ya kuozwa bibi harusi hukaa chumbani na wanawake, kajifunika, na baba yake huja mlangoni na mashahidi kumuuliza kama anaridhia. Baba aliniuliza mara tatu. Sikusema neno. Baba akawaambia wenziwe kwamba kimya cha mwari ni ridhaa, wakarudi sebuleni, ndoa ikafungwa.

Kwa kadhi niliketi baina ya baba na mume wangu. Shemeji alimaliza upesi. Akaja mjomba.

"Bibi harusi aliridhia?" kadhi akamuuliza.

"Baba yake alimuuliza mara tatu."

"Akajibu nini?"

"Sikumsikia kujibu."

Mume wangu akafumba macho. Kadhi akaiweka kalamu chini, akanigeukia. Najua kimya cha mwari kinakubaliwa, kila mtu anajua, lakini kadhi anaruhusiwa kuuliza kimya kile kilikuwa cha namna gani. Na akauliza.

"Ulilazimishwa?"

Nikamtazama baba. Alikuwa kaikodolea macho sakafu, mikono kaibana magotini, na nikaona anaogopa kuliko mie. Anaogopa nitakachokisema.

"Sikulazimishwa," nikasema. "Niliuma kanga."

"Kwa nini?"

Niliona haya, lakini mtoto alinipiga teke, nikajikaza kisabuni. "Nilikuwa nacheka. Nilimtaka huyu mume, nilifurahi mno, na kwetu bibi harusi akionekana anafurahi siku ya kuozwa anaambiwa hana haya. Nikaiuma kanga nisitoe sauti. Wakadhani nalia."

Kadhi hakucheka. Akamrudia mjomba. "Kanga uliiona?"

Mjomba akafikiri. Ya Rabbi, alivyofikiri mtu yule. Nilitamani kumtikisa.

"Niliiona," akasema mwisho. "Alikuwa nayo mdomoni, na mabega yanamtikisika. Mie nilimhurumia."

Kadhi akaishika kalamu, akaandika. Aliandika tarehe ya babu, siku, mwezi na mwaka, kama ilivyokuwa kwenye ile karatasi ya kawaida. Akaisoma kwa sauti; nikamwomba arudie, akarudia.

Nje mume wangu aliwashika mikono mjomba na shemeji hawaachii. Baba alisimama mbali kidogo, kivulini kwa ukuta, anafuta miwani. Nikamwendea.

"Miaka miwili hii," akasema, bila kunitazama, "mie nnajua nilikuoza unalia."

Kisha akaivaa miwani, akaniambia nisimame pale pale kivulini, anakwenda kulileta gari.