Nzuri, Ila

Siku lori lilipopinduka karibu na Kibaigwa, mjuzi wa vishikwambi katika kituo chetu cha afya nilikuwa mimi. Nilikuwa na maringo, siwezi kukataa. Nilikwenda semina mjini, nikarudi na cheti, na tangu hapo kila nesi aliyekosea kubonyeza nilimsema mbele za watu. "Mmezoea makaratasi, ndiyo maana," niliwaambia, wengine wakiwa sawa na mama yangu kwa umri.

Mchana ule majeruhi waliletwa kwa bodaboda, kwa bajaji, kwa gari lolote lililosimama. Walikuwa wamepanda juu ya magunia ya mahindi, na lori lilipolala, magunia yaliwaangukia. Tukawapanga barazani. Kazi yangu ilikuwa kupita na kishikwambi: namuuliza mgonjwa, namhesabia pumzi kwa dakika nzima, najaza, nacho kinatoa rangi. Wa nyekundu anatangulia na gari la wagonjwa kwenda Dodoma mjini, wa njano anafuata, wa kijani anasubiri. Gari lenyewe lilikuwa moja.

Bibi mmoja alikuwa ameegemea ukuta, kitenge kimekusanywa tumboni, mwilini hana hata mchubuko. Nikapiga goti kidogo, maana nami nimelelewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hali yako?"

"Nzuri," akasema. Akavuta pumzi. "Ila..."

Mwanamume wa pembeni yake, aliyevunjika mguu, alipiga yowe, nami nikageukia huko.

Kwetu hata mwenye msiba huanza na nzuri. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila baba hatunaye." Nzuri ni adabu tu, habari yenyewe huja baada ya ila. Nimezaliwa huku, nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini siku ile nzuri ilinitosha, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na nilitaka kumaliza kabla ya manesi wengine.

Kishikwambi hakikukubali kusonga mbele bila idadi ya pumzi. Nikaandika kumi na nane. Ndiyo namba tuliyotumia semina kwenye mfano wa mtu mzima asiye na shida. Ikatoka kijani. Nikamfunga bibi utepe wa kijani mkononi, akasema ahsante.

Gari lilipokaribia kuondoka, ilikuwa imebaki nafasi moja ya mtu wa kukaa. Akapewa yule wa mguu.

Baadaye nesi mkubwa, mmoja wa wale niliokuwa nikiwasema, alipita mikono mitupu. Akamshika bibi tumbo, akaniita kwa sauti ya chini. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na pumzi zilikuwa zinakimbizana. Akaukata utepe wa kijani kwa mkasi, akafunga mwekundu. Hakunisema, na ningeshukuru kama angenisema. Bibi alifariki kabla gari halijarudi.

Kwenye kikao cha baada ya ajali, wakubwa walitusifu. Hakuna kisanduku cha kujaza hata kimoja kilichoachwa wazi, walisema, na watu wakapiga makofi. Nesi mkubwa alitazama dirishani. Mimi nilipiga makofi pamoja na wengine, na hadi leo naionea aibu mikono yangu.

Wiki chache baadaye binti wa marehemu alikuja na mfuko wa karanga.

"Waliokuwa na mama barazani wameniambia kuna nesi alimwamkia kwa heshima, mpaka akapiga goti," akasema. "Nimekuja kukushukuru, dada." Kisha akauliza taratibu, "Lakini mlimpima?"

Nikafungua kishikwambi, kwa sababu nilihitaji kitu cha kutazama badala ya uso wake. Nikamsomea: pumzi kumi na nane kwa dakika.

"Kwa hiyo ulimhesabia."

"Ndiyo," nikasema.

Alishusha pumzi, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Ilimfariji, niliona. Akaniwekea karanga mezani, akasimama aondoke, kisha akakumbuka adabu.

"Jamani, hata sijakujulia hali. Na wewe hali yako, dada?"

"Nzuri," nikamjibu.

Akabaki amesimama, akinisubiri nimalizie. Sikumalizia.