Mkoba Alioufunga Mzee Chacha

Iko Alhamisi moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Na nakuita mwanangu bila aibu. Wewe wa gredi ya kumi umeingia bweni hili juzi na godoro lingali na nailoni, na bado unakunja soksi. Mimi niko kidato cha nne, nina miaka kumi na saba, na magoti yangu yameona mengi. Kwa hivyo kaa hapo, acha kutafuna biskuti kama unavunja matofali, usikilize mambo ya ujana wangu. Nilikuwa na miaka kumi na tano.

Likizo ya Agosti nilipelekwa kwa Babu, Lambwe. Babu alikuwa mwanajeshi wa kuruka na parachuti, yeye na marafiki zake wawili: Mzee Ouma wa Migori na Mzee Chacha wa Ntimaru. Ouma aliruka akiomba Mungu, Babu aliruka akijisifu, na Chacha ndiye aliyezikunja parachuti zao na kuzifunga ndani ya mikoba. Mkoba mmoja wa kizamani ulikuwa sebuleni kwetu, umepewa kiti chake peke yake: turubai ya kijani iliyopauka, mikanda minene, na vifungo vya chuma vizito kama vya lango. Bibi aliufunika kitambaa cha kufuma, kama anavyofunika kila kitu katika nyumba ile, hata redio. Mimi mwenyewe niliogopa kuketi muda mrefu bila kusonga.

Habari ya mkoba huo ni kwamba ndani yake mlikuwa na parachuti ya mwisho aliyokunja Chacha kabla hawajastaafu. Siku ya kuruka upepo ulikuwa mkali, hawakuruka. Mikoba ya aina ile ilipoondolewa kazini wakaachiwa huo mmoja, na hakuna aliyewahi kuufungua. Kisha Chacha akafariki. Binti yake, Robi, anayeuza mahindi Ntimaru, akampigia Babu simu kusema angekuja Jumapili kuuchukua ulivyo, kwa sababu humo mlikuwa na kazi ya mikono ya baba yake ambayo haijaguswa na mtu mwingine.

Nilijua hayo yote. Nakueleza mapema usije ukaanza kunitetea.

Alhamisi hiyo Babu na Bibi walienda matanga Mbita. Nikaita vijana wawili wa jirani, nikauvaa mkoba, nikapanda juu ya kreti ya soda, nikatangaza kwa sauti ya rubani kwamba abiria wafunge mikanda, tuko juu ya mbuga ya Ruma na twiga wanatupungia. Halafu nikavuta mshikio wa kufungulia mkoba. Niliamini hakuna kitakachotokea. Kitu kilichomzidi mama yangu umri kingetoa wapi nguvu?

Kumbe ndani kulikuwa na springi. Mkoba ulipanuka kama mdomo wa samaki mbuta, kimwavuli kidogo kikaruka kikampiga kidevuni kijana aliyesimama nyuma yangu, na baada yake kitambaa cheupe kikamwagika, kikamwagika tu, mpaka kuku watatu wakawa chini yake wanalalamika. Tulicheka mpaka tukaketi chini. Kisha wale wenzangu wakakumbuka kwamba kwao kuna ng'ombe wa kunywesha.

Nikabaki peke yangu na nguo ya kutosha kushona sare za shule nzima. Nilikuwa nimewaona wavuvi wa Homa Bay wakikunja nyavu, nikadhani ni kazi ileile. Nilishindilia, nikapiga magoti juu yake, nikaukalia. Mipira iliyoshika kamba ilikuwa imekatika, nikafunga vipande vya blada ya baiskeli. Uzi mwembamba mwekundu, ambao Chacha aliufunga kwenye pini ili ijulikane mkoba haujafunguliwa, ulikuwa umekatika pia. Nikachukua uzi wa kushonea wa Bibi, mwekundu vilevile. Nikarudisha kitambaa cha kufuma mahali pake. Babu aliporudi alipita sebuleni, akaugusa mkoba kwa kiganja kama kawaida yake, akaniuliza kama nimekula.

Siku tatu nilikula vizuri sana. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa.

Jumapili Robi akafika pamoja na Mzee Ouma, ambaye Robi alimpitia njiani. Chai ikamiminwa, mandazi yakaletwa, na wazee wakaanza ya kwao.

"Huu ulikuwa mzigo, mama," Mzee Ouma akamwambia Robi. "Huu mgongoni, na mwingine wa akiba tumboni. Unaenda kwa ndege unatembea kama mja mzito wa mapacha."

"Wewe ulitembea hivyo hata bila mkoba," Babu akasema.

"Omera, ndugu yangu, nyamaza. Nimeona vijana wa siku hizi kwa simu. Mkoba wao ni kama begi la nasari. Unajiuliza parachuti imeenda wapi."

"Na wanaiongoza, kushoto, kulia, wanatua kwa miguu kama kunguru. Sisi tulitua kama gunia."

"Lakini gunia lilifika," Mzee Ouma akasema. Wakacheka, kisha wote wawili wakakitazama kile kiti.

Robi akasafisha koo. "Wazee wangu, kitu kimoja mjue. Sitauweka huu mkoba tu. Ndugu zangu wananingoja tuufungue nyumbani, mbele ya watoto. Tata alikuwa akisema anaweza kukunja macho yamefungwa, na sisi hatukuwahi kuona. Tunataka tuone mkono wa baba."

Mwanangu, nililirudisha andazi langu sahanini. Mpaka dakika hiyo nilidhani ujinga wangu utasafiri kimya hadi Ntimaru na kufunikwa kitambaa kingine. Sasa nikawaona wajukuu wa Chacha wamezunguka mkoba, unafunguliwa, wanakuta blada za baiskeli na kamba zimesokotana kama tambi. Wangesema, kumbe babu yetu alikuwa mkunjaji wa hivi. Na mzee wa watu yuko kaburini, angejitetea vipi?

Babu hakuwa ameniona. Alikuwa akimsimulia Robi siku ambayo ndege inanguruma, watu wameshaingia, na Chacha anatoka ghalani mbio ameinua mkono. "Nina shaka," alisema, basi. Kijiti chake cha kukunjia hakikuonekana, akahofia amekifungia ndani ya mkoba mmojawapo. Wote wakashushwa, na mikoba yote ikafunguliwa.

"Na kilikuwa wapi?" Robi akauliza.

"Ndani ya soksi yake."

"Walimtukana?"

"Nani amtukane? Kwetu mtu akisema ana shaka, kazi inasimama na hakuna wa kumcheka. Kukosea, kila mtu alikosea. Tuliyemwogopa ni yule anayeona kosa halafu anafunga mkoba."

Nikainua mkono kama niko darasani, na hakuna aliyeuliza swali.

"Babu, nina shaka na huu mkoba."

Mzee Ouma alitaka kucheka, akaniangalia usoni, akaacha. Nikasema yote, pamoja na kuku.

Robi aliweka kikombe chini, akatoka, akasimama karibu na tangi la maji ametugeuzia mgongo. Nimechapwa na walimu wa aina nyingi, lakini mgongo ule uliniuma kuliko kiboko chochote.

"Nyakwara," Babu akaniambia taratibu, na Babu huniita mjukuu kwa Kijaluo akiwa hana mchezo. "Kuvuta ule mshikio ni utoto, na utoto wako niliujua hata nikiondoka hapa Alhamisi. Lakini ulifunga, ukala kwa meza yangu siku tatu. Huyu mama angeenda kumwaibisha baba yake kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu wewe umenyamaza."

Nikakitoa kitambaa cha kufuma juu ya mkoba. Mimi, mwanangu, sikuwa na mzaha.

Robi akarudi na macho mekundu. "Alichokunja kimeisha," akasema. "Siwezi kukirudisha." Kisha akawageukia wazee. "Lakini nyinyi mlimwona akifanya kazi. Nionyesheni."

Tukaitandaza parachuti kwenye nyasi. Wazee wakabishana kama Chacha alianzia kushoto au kulia, mpaka Robi akasema baba yake alianza kila kitu kushoto, hata kuvaa gambuti. Kushoto kukashinda. Mzee Ouma alizing'oa blada zangu moja moja, kila moja akinirushia. Mimi nilishika mwisho wa kamba nikizivuta zisilegee, mikono ikafa ganzi, na hakuna aliyenipa pole. Robi akakunja, akakosea, akafungua, akakunja tena. Kufikia alasiri mikono yake haikuwa ikingoja kuelekezwa.

Katika mfuko mdogo wa mkoba kulikuwa na kadi ambayo kila anayekunja huandika jina lake, na la mwisho lilikuwa la Chacha. Babu akanipa kalamu. Chini ya jina lile nikaandika kwamba mkoba umefunguliwa nami, bila ruhusa. Chini yangu Robi akaandika kwamba ameukunja yeye, binti Chacha. Kadi hiyo iko Ntimaru. Watoto wa kule wakianza kusoma, mimi ndiye somo lao la kwanza.

Basi nasaha yangu ni hii. Utavunja vitu, mwanangu, nakuona kwa macho tu. Ukivunja, sema kabla kitu hakijatoka mlangoni kwenda kwa mwenyewe, maana kikishatoka, aibu yako itamwangukia mtu asiyejua lolote, pengine mtu asiyeweza tena kusema. Siku ya kwanza kusema ni kuchungu. Siku ya tatu umeshakula mandazi ya watu na uchungu umezidi. Wala usingoje kuulizwa.

Mungu akupe ulimi usiolala na jambo, akupe wazee wa kukukemea bila kukufukuza, na akulindie jina la baba yako mikononi mwa watu wengine. Sasa niachie hizo biskuti, ukalale.