Mbuzi wa Bi Kijakazi Alipokonda

Mwaka wa hamsini na nne Sabiha alijifungua mtoto wa kiume kule Mwera, nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Kijakazi. Mumewe, Uweso, alikuwa kambini akikata mkonge, akituma samaki wakavu kila Ijumaa. Mzazi hulishwa siku arobaini: uji mzito wa pilipili manga, mchuzi, tui. Sabiha aliletewa uji mwepesi ambao mtu angeweza kujitazama uso ndani yake. Samaki alimsikia harufu tu, akipita kuelekea tumboni mwa mkwewe.

Mwanzoni mtoto alinenepa, kwa kuwa maziwa yalitengenezwa na mwili wa mama yake: mapaja yakaisha, mashavu yakafuata. Kilipokosekana cha kupunguza, ziwa likalegea, mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

"Maziwa yake maji matupu," Bi Kijakazi aliwaambia majirani. "Arobaini ikitoka, Uweso amrudishe kwao Mkwaja. Nitamtafutia mwenye maziwa."

Sabiha aliyasikia yote, akaanza kuhesabu siku zilizobaki.

Bi Kijakazi alikuwa na mbuzi aliyezaa juzijuzi, fahari yake, anayelishwa pumba, machicha ya nazi na chumvi. Kazi ya kumlisha alimtwika Sabiha huyohuyo. Tangu siku ile machicha akala mzazi, mbuzi akapewa maji ya kuoshea chungu.

"Nisamehe, shoga," alimnong'oneza mbuzi. "Huna kosa. Una mwenyewe mbaya tu."

Siku ya arobaini wanawake wakajaa uani, na Uweso akafika. Bi Kijakazi alikuwa anakohoa aanze mashtaka, mara akaona mwanambuzi anapepesuka. Akakamua kiwele: matone mawili.

"Nani kamnyima mbuzi wangu chakula? Anayenyonyesha asipokula, maziwa yatatoka wapi, kwenye pembe?"

"Mama," Sabiha akasema taratibu, "nimemlisha kama ulivyonilisha mimi. Hebu rudia, wa nyuma hawakusikia."

Ajuza mmoja akacheka, uani kote wakafuata. Uweso hakucheka. Alitazama mifupa ya shingo ya mkewe, akauliza, "Mama, samaki wangu aliwala nani?" Kisha akaongeza, "Basi arobaini inaanza leo. Utapika wewe."

Akapika. Siku ya kumi na tano maziwa yalikuwa yanalowesha kanga, mtoto kaota mikunjo mapajani. Wema wangesema inatosha. Sabiha alirudisha bakuli la mchuzi wa samaki: "Mama, pilipili manga imepungua." Akaletewa jingine, akala polepole mbele ya mkwewe, akamwachia miba. Siku nyingine alikuwa ameshiba kabisa, na bado akaagiza la pili.