Bisibisi Fupi

Bandani kwetu ndege haitoki mpaka mtu aseme neno moja: "Zimetimia." Na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa mwanagenzi, binti pekee kati ya mafundi wa ndege ndogo pale Sumbawanga, na kazi ya mwanagenzi kabla mfuniko wa injini haujafungwa ni kusimama mbele ya ubao wa zana na kuangalia. Kila spana, kila plaizi, kila bisibisi imechorewa kivuli chake kwa rangi nyeupe. Kivuli kikiwa wazi, maana yake kuna kifaa hakijarudi, na kifaa kisichorudi huenda kimebaki ndani ya injini. Kwa hiyo unaangalia, halafu unasema kwa sauti, wote wasikie. Usiposema, hakuna safari. Awe rubani, awe mwenye kampuni, atasubiri.

Baba nilipomweleza habari hiyo alicheka mpaka akakohoa. "Neno la Ijumaa Kuu hilo! Kwani mnasulubisha ndege?" Alikuwa mkulima wa Mwazye, mahindi na ulezi, Mkatoliki wa benchi la mbele, na alinisifu kwa kijiji kizima hadi ikawa kero. Kila nikienda likizo nilikuta mashine ya kusaga ya jirani imezimika inanisubiri. "Fundi wa ndege atashindwa na mashine ya unga?" Nami nitakataa, ng'o, siyo kazi yangu, na jioni utanikuta nina unga mpaka masikioni.

Ugonjwa ulimwanza vidoleni mwa miguu. Alisema vimekufa ganzi, akadhani ni baridi tu, maana msimu huo upepo wa huku juu ulikuwa unakata. Akavaa soksi mbili mbili akaenda shamba. Ganzi ikapanda magotini, ikapanda mapajani, mpaka akaletwa hospitali mjini akiwa amebebwa. Daktari alinivuta kando, akaniambia bila kuzunguka. Ugonjwa huu unapanda. Ukifika kifuani hataweza kupumua mwenyewe, atahitaji mashine. Afikishwe Dar es Salaam leo. Nikauliza, kwa gari? Akatikisa kichwa.

Bahati, au niite nini, ndege iliyokuwa bandani ilikuwa inamalizia ukaguzi ili irudi Dar mchana huohuo. Fundi mkuu wetu, mtu mnene asiye na maneno mengi, hakuningoja nimalize. "Mlete," alisema. "Siti ya nyuma ni yake."

Nikamleta kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima, blanketi limemfunika kuanzia kiunoni. Kiti chenyewe kilikuwa kizee, kibao cha kukanyagia kinaning'inia. Fundi mkuu alimpa shikamoo, akachuchumaa, akakikaza kile kibao huku wakiongea habari za mahindi. Baba alimshukuru sana. Alinikonyeza, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha fundi mkuu adabu. Mimi nikarudi kwenye injini.

Tulipomaliza nikasimama mbele ya ubao. Kivuli cha bisibisi fupi kilikuwa wazi.

Kila mtu alijipapasa mifuko. Fundi mkuu alijipapasa mara mbili, akatoka jasho na baridi ile yote. "Nilikuwa nayo kwenye injini," alisema. "Mimi mwenyewe, asubuhi." Tukapekua. Tukafungua tena kila kitu tulichokuwa tumekifunga, tukamulika tochi kila tundu, tukalala chini kifudifudi. Hakuna. Rubani, kijana mmoja mpole, alikuwa amekaa kwenye tairi anakula mkate, kila mara anatazama jua. Likizama, haruki.

Hakuna aliyeniambia niseme. Ila wote walinitazama, na mimi, kusema kweli, nilitaka kusema. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nikaenda kwa baba.

"Kuna nini, mama?" Ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake.

"Bisibisi haionekani."

"Na usiposema lile neno lenu?"

"Haitoki."

"Ukisema, kumbe imo humo ndani?"

"Inaweza kuzima injini angani."

Akamtazama rubani na mkate wake. "Yule naye ana mzazi," alisema. "Usiseme. Tafuteni tu. Mimi nipo hapa, naenda wapi?"

Tukatafuta mpaka jua likazama nyuma ya vilima. Rubani akasema kesho, kukipambazuka tu. Nikamsukuma baba kurudi wodini. Manesi wawili walipomwinua kumlaza kitandani, kitu kikadondoka sakafuni, kikalia. Bisibisi fupi, ya kipini cha njano. Fundi mkuu alipokaza kibao alikuwa ameiweka pembeni ya blanketi, nayo ikateleza ikaingia chini ya mapaja, na mapaja yale hayakuwa na habari.

Baba aliitazama muda mrefu. "Nimeikalia?" Akaanza kucheka, kicheko kisicho na pumzi. "Jamani! Mchana kutwa mnahangaika, kumbe nimeikalia mwenyewe."

Sikucheka. Sikulia pia. Niliiokota, nikaipangusa kwenye ovaroli, nikaitia mfukoni.

Kabla hakujapambazuka ganzi ikawa imefika kifuani, na mashine ya kumpumulia ilikuwa Dar.

Asubuhi nilikwenda bandani. Nikatundika bisibisi kwenye kivuli chake, nikasema zimetimia, ndege ikaondoka na siti ya nyuma tupu. Fundi mkuu alikuwa amekaa chini analia kama mtoto. "Ni mimi," alisema. Nikamwambia, "Ulikuwa unamtengenezea kiti." Sikumwonea hasira. Niliitafuta hasira hiyo kama tulivyotafuta bisibisi, sikuiona. Watu walinisifu kwamba nimejikaza. Jamani, sikujikaza. Ilikuwa kama mkono uliolaliwa, unauona ni wako lakini ukiufinya hausemi kitu.

Tukamzika Mwazye. Majirani walikuja na majembe na mabeleshi yao, wakachimba, wakayaegemeza kwenye udongo. Jeneza likashushwa, padri akamaliza, wanaume wakashika zana ili wafukie. Ndipo nikasikia sauti yangu ikisema, "Subirini kwanza."

Nikaanza kupita kwa kila mmoja, naangalia ameshika nini. Wanawake wakaguna kwa huruma, mmoja akasema nishikwe nisije nikaanguka. Baba mdogo, mdogo wake marehemu aliyekuwa amefika asubuhi kutoka Milepa, akaniwekea mkono begani.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Naangalia kama vifaa vimerudi vyote. Kabla hatujafunga."

Hakunishangaa. Marehemu alikuwa amemsimulia kazi yangu mara nyingi kuliko alivyotaka kusikia. Akainama ukingoni, akachungulia chini, akageuka akapitisha macho kwenye majembe na mabeleshi, moja baada ya jingine, taratibu.

"Vipo vyote," alisema. "Humo hamna kitu ila yeye. Haya, sema."

Mabeleshi yalikuwa yameinuliwa, yamejaa udongo, kijiji kizima kinanitazama. Nikafungua mdomo. Neno halikutoka.