Unga wa Ami Rizq Ulivyoniumbua

Wenzangu, mmewahi kuona unga unaochagua mkono?

Mimi nimeuona. Mjini Asyut, maabara ya kemia, mwaka wangu wa nne wa udaktari.

Kulikuwa na kiwanda kinachogeuza asetoni kuwa kiyeyushio cha rangi kwa kutumia kostiki soda ya maji. Kostiki inachapa kazi, sikatai. Lakini lazima uioshe itoke, na yale maji ya kuoshea, hata punda hayanusi.

Nikasema: tupitishe asetoni kwenye kichocheo kikavu, unga wa magnesia uliochomwa. Asetoni inapita, inabadilika, inakwenda zake. Unga unabaki palepale. Hakuna cha kuosha.

Kwenye karatasi, safi kabisa.

Kwenye chupa, unga wangu ulikuwa chaki tupu, asetoni haikubadilika.

Sasa kituko. Wiki moja niliumwa, fundi wetu wa maabara, Ami Rizq, akanichomea unga. Ukafanya kazi! Nikachoma mwenyewe, chaki. Akachoma yeye, moto wa kuotea mbali.

Tanuri lilelile. Joto lilelile.

"Inas, mpe Ami Rizq udaktari," Hazim wa meza ya pili akanitania. "Wewe nenda ukakaange bajia za taamiya."

Watu wakacheka. Mimi nilifura.

Zikiwa zimebaki wiki mbili wahandisi wa kiwanda waje kuona, likaniingia wazo baya: huyu mzee anachanganya kostiki humo, ili anifurahishe. Kidogo tu ingetosha kutudanganya wote.

Nikamwambia profesa, Dokta Shahinaz. Tena mbele ya watu.

Ami Rizq alikuwa anafuta meza. Kitambaa kikasimama.

"Mimi, binti?" akauliza. "Miaka thelathini na moja humu ndani, imebaki miezi minane nistaafu, nije nikuchezee rafu wewe?"

Dokta Shahinaz hakupandisha sauti. "Tupime. Unga wake, sasa hivi."

Tukauacha unga ufanye kazi nusu saa, kisha tukauchuja wote, tukabaki na kimiminika peke yake. Kama kostiki ingekuwa imeyeyukia humo, asetoni ingeendelea kubadilika hata bila unga.

Ikapita saa nzima. Ikapita ya pili.

Kimya. Hakuna kilichobadilika.

Mzee alikuwa msafi. Kazi yote ilikuwa ya unga.

Jamani, aibu! Ningeambiwa niingie kwenye tanuri ningeingia.

Nikamfuata kwenye kichumba cha chai. "Ami, nisamehe. Nimekukosea adabu."

"Adabu nimesamehe," akasema, bila kuniangalia. "Ila miezi yote hii hukuniuliza hata mara moja. Hilo ndilo limeniuma."

"Basi nauliza leo. Unafanyaje?"

"Kama wewe tu. Ila mimi sina subira. Wewe ukitoa unga motoni unauweka mezani upoe, unaenda kupiga soga. Mimi nina treni ya Sohag. Nautia chupani ukiwa bado unaunguza, nakandamiza kizibo, nakimbia."

Nikakaa chini.

Magnesia ikitoka motoni ina njaa. Inavuta unyevu, inavuta hata pumzi tunayoitoa puani. Ukiiacha wazi mezani inashiba hewa, asetoni ikija inakuta nafasi zimejaa.

Maelekezo niliyofuata yalisema "acha ipoe". Hayakusema ipoe wapi. Yaani mimi, mtaratibu, ndiye niliyekuwa nauua unga wangu kila wiki. Na haraka ya mzee ndiyo iliyokuwa inauokoa!

Wahandisi walikuja. Unga ulifanya kazi mchana kutwa, tone la kostiki halikuhitajika. Mkubwa wao akauliza nani kagundua siri ya kizibo.

Hazim akanitazama. Dokta akanitazama.

"Ami Rizq," nikasema. "Nami nilimwita tapeli kabla sijamwita mwalimu."

Mzee akakohoa. "Andikeni na jina la baba yangu. Akina Rizq wako wengi mjini hapa."

Ripoti ina majina ya watu watatu. La kwanza ni lake, pamoja na la baba yake.

Ndugu yangu unayesoma, ukiona mwenzako anaweza pale wewe unapokwama, usianze kumpekua mifuko. Mkalie karibu, umuulize.

Mimi kuuliza kungenichukua dakika mbili. Kutouliza kulinichukua mwaka.