Sale kwenye Lango la Baba Mkubwa

Nilikuwa likizo nyumbani, nimemaliza mwaka wa kwanza chuo cha ualimu, alipokuja mhadhiri mmoja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam kufanya utafiti kijijini kwetu, juu ya Himo. Alitaka kujua mambo matatu kwa mpigo: watoto wetu wanasoma hadi wapi, mifongo yetu, yaani mifereji inayoshusha maji kutoka msituni mpaka mashambani, ina hali gani, na watu wenyewe wanaelewana au hawaelewani. Alikuwa mwanamke wa Kanda ya Ziwa, mcheshi, mwepesi wa miguu, asiyejua hata neno moja la Kichagga. Balozi wetu wa nyumba kumi akanipendekeza mimi nimsaidie. Watu wakamwita mama wa chuo, na mimi nikawa msichana wa mama wa chuo, cheo kilichonivimbisha kichwa kupita kiasi.

Nyumba za kuhojiwa zilichaguliwa kwa kura, na zilihitaji alama ili tusipotee katikati ya migomba. Tulijaribu chaki, mvua ikaifuta. Tukatundika karatasi, mbuzi wakazila. Jumamosi nikashuka Moshi mjini kudurufu madodoso, na yeye akabaki na dereva wake. Kumbe nilipoondoka aliangaza huku na huku, akaona kitu kimejaa kila mahali, kibichi, cha bure, kisichoogopa mvua: masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kila familia imeipanda mpakani mwa kihamba chake, yaani shamba la migomba la urithi. Akayakata majani, akayapiga fundo yasifumuke, akayafunga kwa uzi mwekundu wa sufu kwenye malango ya nyumba za juu.

Kwetu sale si uzio tu. Mtu aliyekukosea akikutumia jani la sale lililopigwa fundo, anakuomba radhi, na huna ruhusa ya kumkatalia. Unaweza kununa, unaweza kulia machozi, lakini lazima usamehe. Mama wa chuo angejulia wapi? Dereva naye alikuwa mtu wa Tanga. Kwa hiyo jioni ile kijiji kizima cha juu kilijikuta kimeombwa radhi na watu wasiojulikana. Baadaye balozi alinisimulia kuhusu mzee mmoja aliyeamua kwamba sale limetoka kwa jirani yake, akaenda kumsamehe, halafu akamkalia kooni amwambie ni kosa gani hasa amemsamehe. Jirani akakiri ndizi. Mzee hakuwa na habari kabisa kwamba ameibiwa ndizi.

Hilo ningelicheka mpaka leo, kama nyumba mojawapo isingekuwa ya baba mkubwa.

Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kaka yake, baba mkubwa, kihamba chake kilipakana na chetu kwa juu, na tangu nilipoingia sekondari walikuwa hawasemezani. Njia ya kati ya nyumba zetu iliota magugu. Sisi watoto tuliambiwa ugomvi ni wa maji, kwamba zamu yetu ya mfongo ikifika baba mkubwa anaufunga kule juu. Niliamini. Nilimchukia baba mkubwa kwa ajili ya maji, kwa bidii kabisa, kama mtu aliyetumwa.

Binti yake nilikaa naye dawati moja kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Hesabu za sehemu ni yeye aliyenielewesha, si mwalimu. Matokeo yalipotoka niliambiwa mimi nimechaguliwa na yeye hakubahatika. Nilishangaa kidogo, nikafurahi sana, nikafungasha sanduku. Yeye sasa alikuwa anauza ndizi soko la Himo na mtoto mgongoni, na tukikutana njiani tulisalimiana kwa haraka, kila mmoja akitazama kando.

Jumapili, tumetoka misa, baba ameketi uani, mama anachota maji ya kunawa, nikaona watu watatu wanashuka kwa ile njia iliyoota magugu. Mbele baba mkubwa, amevaa koti lake la kanisani. Nyuma mama mkubwa na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Mwisho kabisa binti yao na mtoto wake. Mama aliangusha kata. Nilimwamkia baba mkubwa shikamoo, naye akaitikia marahaba mwanangu, kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka. Mkononi alishika sale, na kwenye lile sale kulikuwa na uzi mwekundu wa sufu.

Uzi ule niliujua. Ijumaa nilikuwa nimeukalia kwenye gari. Nikaelewa palepale kilichotokea, nikafungua kinywa kueleza, pengine tucheke wote yaishe. Lakini mzee alikuwa hajaja kunisikiliza mimi. Alisimama mbele ya baba, akalinyanyua lile jani.

"Mdogo wangu, sale nimelikuta langoni. Umechelewa, lakini umelituma, na mimi siwezi kulirudisha. Nafasi ya shule ya mwanangu uliyompa mwanao, nimekusamehe. Kule wilayani ulikosema ameshachumbiwa, nimekusamehe. Sitalitaja tena."

Nilisikia maneno, moja moja, na yote nilikuwa nayajua, ila hayakutaka kukaa pamoja. Nafasi ya mwanangu. Uliyompa mwanao. Mwana mwenyewe alikuwa mimi, hakukuwa na mwingine pale. Niliitazama sketi yangu niliyoshonewa kwa ajili ya chuo, nikaiona kama nguo ya mtu. Ameshachumbiwa! Binti yule hakuwa amechumbiwa na yeyote. Tulikuwa bado tunacheza rede.

Nikamgeukia mama, nikitegemea atapiga yowe, atasema huo ni uongo. Mama alikuwa ameinamisha kichwa anaitazama ile kata iliyoanguka. Alijua. Baba alijua, mama alijua, nyumba ya juu wote walijua, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikililia maji ya mfongo. Hasira ilinipanda nikashindwa nimwelekezee nani.

Baba alimtazama mama kwa muda mrefu. Najua alifikiri nini: alifikiri mama amechoka kusubiri, amelituma sale kwa siri kwa niaba yake. Mtu huyu sikuwahi kumsikia akimwomba radhi hata mtoto aliyemchapa kwa makosa. Sasa aliinuka kwenye kiti, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, kaka. Niliona wa kwangu ataachwa."

Na hapo ndipo tuliposikia gari.

Mama wa chuo alishuka kwenye Landrova na mzigo wa masale kwapani na lile donge la uzi mwekundu mkononi. Alitusalimia wote kwa furaha, akaomba samahani kwa kutuingilia Jumapili, na papo hapo akaanza kufunga jani kwenye nguzo ya lango letu. Alisema tusijali, ni alama ya utafiti tu. Jana alimaliza nyumba za juu, leo anafunga za chini ili kesho tuanze mapema. Alikaza fundo, akakata uzi kwa meno.

Baba mkubwa aliutazama uzi wa langoni, akautazama ule wa mkononi mwake. Niliomba ardhi ipasuke. Baba alikuwa ameshakiri mbele ya watu, kosa alilolificha miaka yote, kwa sababu ya alama ya kuhesabia nyumba. Angeweza kumkasirikia mgeni. Angeweza kusema hata lile neno lake limetoka kimakosa, na kwa jinsi nilivyokuwa naanza kumjua, niliogopa angelisema.

Baba mkubwa alimwuliza baba polepole, "Sale si lako?"

"Si langu," baba akasema.

Mzee akavuta kigoda, akakaa, akaliweka lile jani chini karibu na mguu wake. "Lakini neno nisamehe umelisema wewe," akasema. Kisha akamwambia mama mkubwa amimine mbege.

Wakanywa kwa kata moja, mkubwa kwanza, mdogo akafuata. Mama yangu na mama mkubwa walishikana mabega wakalia kwa sauti. Mama wa chuo alinisogelea akaniuliza kwa kunong'ona amefanya nini, mbona wazee wanalia, nikamwambia nitamweleza baadaye. Alikuwa ametoka Dar es Salaam kutafuta kwa nini baadhi ya watoto wanaendelea na shule na wengine wanabaki, na jibu mojawapo lilikuwa limesimama mbele yake, limevaa sketi ya chuo.

Binti wa baba mkubwa hakuwa amesogea. Alisimama chini ya migomba, anambembeleza mtoto asiamke. Nilimwendea, nikamshika mkono, mkono mgumu wa kubeba mikungu.

"Ndugu yangu, mimi sikujua," nikamwambia. "Naapa sikujua."

"Najua hukujua," akasema. Hakuutoa mkono wake, wala hakuushika wangu. Aliwatazama wale wazee wawili waliokuwa wakipokezana kata. "Baba amesamehe nafasi yangu," akasema. "Mimi hakuna aliyeniuliza."

Nyuma yetu baba zetu walikuwa wameshaanza kucheka.