Karavani ya Maman na Pikapu ya Viti Vitatu

Wiki jana nilikuwa naenda Uccle kumuona mugonjwa, na tramu ikapita karibu na ile nyumba tulikokuwa tunakaa zamani. Nikashuka. Sikuwa na kazi yoyote pale, miguu tu ndiyo ilishuka, unajua vile muntu akianza kuzeeka anafuata miguu kuliko akili. Loge yetu haiko tena. Nilichungulia kwa dirisha nikaona wamejaza baiskeli. Pale kilipokuwa kitanda cha baba na maman kuna baiskeli ya mutoto, yenye kikapu mbele.

Bon. Labda wewe hujui loge ni nini, maana siku hizi hazibaki nyingi. Ni chumba cha chini, karibu na mlango mukubwa wa nyumba ya gorofa, mahali concierge anakaa na familia yake. Concierge alikuwa maman. Alifagia ngazi, akatoa mapipa ya takataka, akapokea mizigo ya wenye nyumba, akasikiliza kelele zao. Dirisha letu lilikuwa sawasawa na barabara, kwa hiyo mimi na ndugu yangu tulijua watu wa mtaa kwa viatu. Sura zao tulizijua baadaye, na wengine hatukuzijua kabisa. Mchana tulikuwa tunawasha taa. Na juu ya mlango wetu ilikuwa kengele. Hiyo kengele, rafiki yangu! Hata leo, simu ya muntu ikilia vile ndani ya basi, mimi nasimama.

Aliyeipiga kuliko wote ni madame wa gorofa ya tatu. Taa ya ngazi imezimika: kengele. Paka wake haonekani: kengele. Maman amepika makayabo, ile samaki ya chumvi tuliyokuwa tunaenda kununua kule Porte de Namur: kengele, na madame mwenyewe mlangoni, amefunga pua kwa kitambaa. Tangu hapo maman alipika makayabo dirisha limefungwa, na harufu ikabaki yetu. Iliingia kwa nguo, kwa madaftari, kwa nywele. Darasani mwalimu alikuwa akipita karibu na mimi anafungua dirisha. Masomo niliacha mapema, na watu wakiniuliza sababu nawatajia mambo mengine, lakini lile dirisha la mwalimu nalo lilisaidia. Sasa nimepotea njia. Nilikuwa nasema kengele.

Ilikuwa zile miaka ya quatre-vingt-dix, miaka ya tisini, mwanzoni, watu wetu wengi wanaingia Brussels, kila muntu na mizigo yake na habari mbaya zake. Maman hakuwa muntu wa kulalamika. Lakini jioni moja ya baridi, amekaa chini anachambua maharagwe, kengele ikalia, akaenda, akarudi. Ikalia, akaenda, akarudi. Mara ya tatu alipokaa, akamwambia baba bila kumuangalia:

« Papa, mi nataka kulala siku moja. Siku moja tu, mahali hii kengele haifike. »

Baba akasema, « Twende Liège kwa dada yako. »

« Kwa dada yangu? Mwanamuke akienda mugeni, nani anaamuka wa kwanza kuosha sahani? Siyo yeye? »

« Alors, hoteli. »

« Hoteli! Na bukari nitapikia wapi, kwa sinki? »

Bukari ndiyo ugali wetu. Baba akarudi kwenye kazi yake. Yeye alikuwa anakata majani na miti midogo kwenye bustani za matajiri wa Uccle, na kwa kazi hiyo alikuwa na pikapu nyeupe, ya zamani, viti vitatu mbele na nyuma wazi. Siku moja kazini akaona karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu, imesimama kwa bustani ya muntu. Akaichungulia ndani: vitanda, jiko, meza. Alirudi nyumbani kama muntu aliyeota. Alisema, maman atalala kwake mwenyewe, na sufuria zake mwenyewe, na hakuna atakayejua yuko wapi. Tutaifunga nyuma ya pikapu, tunaenda mpaka baharini.

Basi ikaanza ile safari ya kuchagua. Nje ya muji, upande wa kupita Woluwe, kulikuwa uwanja wa muzungu mumoja muuza karavani, mwenye sharubu za njano kwa sababu ya tumbako. Maman alikuwa na ruhusa ya Jumamosi mchana tu, kwa hiyo Jumamosi mchana tulikuwa pale. Mbele ya pikapu wanakaa baba, maman na kitinda mimba wetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Mimi na ndugu yangu tunalala nyuma, chini ya bâche, ile turubai ya kufunika majani. Ilikuwa giza kule chini. Harufu ya majani mabichi na petroli, matawi yanakuchoma mgongo, na baba amesema: ukitoa kichwa, jandarme, yaani polisi wa barabarani, atakikamata. Sikuwa naona kitu ila mwanga mudogo kwa tundu moja la turubai. Nilikuwa naweka jicho pale, napumua. Usishangae. Kule kwetu Lubumbashi pikapu ni basi ya familia: mbele wakubwa na mutoto wa ziwa, yule anayenyonya, nyuma watoto, shangazi, makaa na mbuzi, na wote wanafika wanaimba. Hatukuona ni kosa.

Muuzaji alikuwa anauliza, « Mnataka ya watu wangapi? » Baba anaangalia magurudumu, anapiga mateke kama anunuaye ng'ombe. Maman, yeye, hakuuliza kitu. Aliingia kwenye kila karavani, akafunga mlango, akavuta mapazia, akakaa kitandani, akafunga macho. Tunangoja nje. Anatoka.

« Hii hapana. Nasikia barabara. »

Nyingine: « Hii ni loge ile ile, wameiwekea magurudumu. »

Nyingine tena, nzuri sana, mpya, ya kung'aa: « Hii jiko lake ni la chai. »

Jumamosi iliyofuata akabeba sufuria yake na mwiko ndani ya mfuko. Unajua bukari haipikwi na mikono tu, inapikwa na mgongo na miguu. Muntu anajikaza, anasukuma, kama analima. Kulikuwa karavani moja kuukuu kidogo, rangi ya maziwa, jiko lake liko nyuma kabisa. Maman akaweka sufuria tupu juu ya jiko, akashika mwiko.

« Mukuje hapa wote. Mukae vile mutakuwa munakaa, nione kama kuna nafasi. »

Tukaenda nyuma wote, baba mwenye tumbo lake, mimi, ndugu yangu, kitinda mimba mgongoni kwa maman. Maman akaanza kusonga bukari ya hewa, kwa nguvu. Kumbe karavani ikiwa imesimama peke yake lazima ishushwe miguu yake ya chuma kwenye pembe, na ya karavani ile muuzaji alikuwa bado hajaishusha. Nyumba nzima ikainuka mbele. Sakafu ikawa ukuta. Tukateleza wote mpaka kwenye jiko, sufuria ikanipiga hapa kwa paji la uso, mlango ukajifunga, na meza ikakuja kuufungia kabisa. Nje muzungu anapiga kelele, anazunguka. Ndani sisi tumebanana kama dagaa, kiwiko cha baba mdomoni mwangu, ndugu yangu analia kwamba tunakufa.

« Nyamaza, » maman akasema kutoka chini ya wote. « Muntu asiseme. »

Tukanyamaza. Nilisikia upepo unapiga bati, na kitinda mimba anapumua.

« Munasikia? » akasema. « Tumefungwa, na hakuna muntu ananiita. Ndiyo hii. Papa, tunachukua hii. »

Muuzaji na kijana wake walikalia mukono wa mbele, ule wa kufungwa kwa gari, karavani ikarudi chini, tukatoka. Sisi tumejaa vumbi, maman anacheka mpaka anashika ubavu. Baba akashikana mikono na muzungu. Muzungu akaangalia ndoano ya pikapu, akainama, akapima, akasema itavuta bila shida. Mambo yamekwisha, tukafurahi, na mimi na ndugu yangu tukapanda nyuma, tukaingia chini ya bâche kama kawaida.

Muzungu akatuona. « Na watoto, monsieur, wakati mnaenda baharini, watakaa wapi? »

« Batoto? » Baba hakuelewa swali. « Nyuma. »

« Nyuma wapi? »

« Si hapo. »

« Kwenye autoroute, na magari ya mbio? Jandarme watawasimamisha kabla hamjatoka Brussels! »

Baba akafikiri. « Bon, basi batakaa ndani ya karavani. Kuna vitanda. »

« Jamais! Karavani ikitembea, hakuna muntu ndani. Hata paka. »

Nilikuwa nimeinua turubai kidogo, naona uso wa maman. Kicheko kilikuwa bado kimeshika mdomo, macho yamekwisha kuondoka. Akasema pole pole:

« Donc tumepata nyumba ya bantu batano, na gari ya bantu batatu. »

Akarudisha mwiko ndani ya mfuko. « Basi tuache, » akasema. « Mi siende kulala na batoto wangu wamebaki kwa kengele. »

Kurudi, baba alipita njia ndogo ndogo, pole pole. Chini ya bâche ndugu yangu aliniuliza kama ni sisi tumeharibu. Nikamwambia afunge mdomo. Nilikuwa najiuliza vile vile. Tulipofika, baba alizima gari, akakaa, mikono bado kwa usukani, halafu nikamusikia anasema, « Nitaenda mara mbili. Kwani bahari itahama? »

Na ndivyo ilivyofanyika: karavani ikanunuliwa, na kiangazi kile tukaenda. Bwana anayesimamia nyumba aliruhusu maman Jumamosi moja na Jumapili yake, mradi kuwe na muntu wa kujibu mlango. Na nani akakubali? Madame wa gorofa ya tatu! Baba alikuwa amemkatia miti ya balkoni bure. Lakini alisema yeye ataanza saa sita, kabla ya hapo asiulizwe.

Asubuhi mapema pikapu iliondoka na karavani, baba, maman na kitinda mimba. Sisi wawili tukabaki loge kungoja baba arudi. Maman alituachia mkate na chai ndani ya termosi, akatuambia tusifungulie muntu tusiyejua viatu vyake. Sasa kengele ikaanza. Muntu wa barua. Muntu amesahau ufunguo. Madame mwenyewe, anauliza kama maman amekwisha kuondoka! Nikikaa, inalia. Nikichukua kikombe, inalia. Chai ikapoa. Kabla hata haijalia mwili wangu ulikuwa umekwisha kujikaza kuingoja, na hapo, na umri wangu ule mudogo, nikaelewa. Nikaogopa pia. Niliwaza: maman akionja kule, atarudi kufanya nini huku?

Baba alifika amechoka, hakuzima hata gari. Tukapanda mbele, mara hii kwa viti. Uwanja wa karavani ulikuwa nyuma ya vilima vya mchanga, upepo mukali, majani makavu, harufu ya chumvi na ya viazi vya kukaanga vya watu wengine. Karavani yetu pale, miguu imeshushwa yote minne, mapazia yamevutwa. Baba akainua mukono agonge. Mukono ukabaki juu. Akaushusha, akaenda kukaa kwenye majani.

Tukakaa naye. Chakula chote kilikuwa ndani. Tuliona njaa, ndugu yangu akataka kugonga, baba akamshika shati. Mabibi wa karavani za jirani walipita wakatutazama: Waafrika watatu wamekaa mbele ya nyumba yao wenyewe kama wamefukuzwa. Jua lilikuwa limekwisha kushuka mlango ulipofunguka. Maman alikuwa na alama za mto shavuni.

« Nani amegonga? »

« Hakuna, » baba akasema.

Akatuangalia mumoja mumoja, akarudi ndani kuwasha jiko. Bukari ile tulikula kwa sufuria.

Kesho yake alikuja mpaka ufukweni na kitenge chake, akaangalia bahari. « Ni maji mingi, » akasema, akarudi kuosha vyombo. Jioni tulirudi mara mbili kama tulivyokwenda. Madame alimrudishia funguo bila salamu, akasema hatafanya tena kazi hiyo maishani, na kabla ya Jumatatu kwisha amekwisha kupiga kengele kwa sababu ya paka. Karavani ilikaa uani kidogo, wenye magari wakalalamika, baba akaiuza kabla ya baridi. Hatukuenda tena.

Maman aliishi miaka mingi baada ya hapo, na watu wakimuuliza Ulaya alipata nini, alikuwa na neno lake: « Nililala mara moja. » Wageni walicheka, walidhani ni mchezo. Sisi tulijua. Sasa baba hayuko, maman hayuko. Siku moja nilimuuliza kitinda mimba wetu, leo ni papa mwenye ndevu lakini bado ananiita yaya, maana mimi ni mukubwa wake, kama anakumbuka ile mchana. Maana yeye peke yake ndiye alikuwa ndani naye, mapazia yamefungwa. Ni yeye angeweza kuniambia kama maman aliimba kwanza, au alilia, au alianguka tu kitandani na viatu. Akafikiri sana, ananipenda, alitaka kunipa kitu. Akasema hapana, yaya. Na yeye pia alikuwa amelala.